Chupa za Mhezi na Maharage Yaliyokuwemo

Kabla hamjafungua gunia la chupa, litikiseni. Gunia la chupa tupu hutoa sauti moja tu, ile ya plastiki kusuguana na plastiki, kama majani makavu ya mgomba yanapokanyagwa. Likitoa sauti nyingine, msikimbilie kisu, na msimhukumu mtu kabla hamjajua gunia limefungwa wapi na limefungwa na nani.

Hili sikufundishwa chuoni. Nimestaafu kwa hiari hivi karibuni, kabla ya umri wa lazima, baada ya kufanya kazi ya mazingira katika mji wa Same na milima ya Pare kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima. Ninyi mliochukua nafasi yangu mmeniomba niwaandikie machache kuhusu wajibu wa mzalishaji, yaani ule utaratibu unaomtaka mtu aliyetia bidhaa yake kwenye chupa, kopo au mfuko aendelee kuwajibika kwa kifungashio hicho hata baada ya bidhaa kwisha. Kanuni mnazo, na zimepangwa kwa ufasaha ambao siwezi kuushindania. Mimi nitawaeleza habari ya magunia yaliyoshuka kutoka Mhezi, kijiji cha milimani, na ya Namsifu, mwanamke aliyekaribia kunyang'anywa kituo chake kwa sababu ya magunia hayo.

Namsifu ni mtu wa Maore. Mjini Same anajulikana zaidi kama Mama Eliasi. Alikuwa na genge la nyanya na vitunguu karibu na stendi, akaliacha siku kampuni moja ya vinywaji ilipomteua kuwa wakala wake wa kukusanya chupa. Kituo chenyewe kilikuwa uwanja mdogo uliozungushiwa mabati chakavu, wenye mizani ya kuning'iniza, turubai, na pipa la maji. Kazi ilikuwa kupokea, kupima, kuchambua, kuponda na kufunga. Alilipwa kwa uzito. Mkataba wake ulikuwa na masharti mengi, lakini mawili ndiyo yaliyomkosesha usingizi. La kwanza, kituo kikusanye kutoka mjini na kutoka milimani pia, kwa sababu kampuni iliuza vinywaji vyake kote huko. La pili, gunia likikutwa na kitu kizito kisicho kifungashio, uwakala unafutwa, na jina la aliyefutwa linapelekwa kwa wazalishaji wengine wote ili asipewe kazi popote.

Sharti hilo la pili lilikuwa na sababu. Mahali pengine watu walikwisha kujaza chupa mchanga mbichi.

Niwarudishe nyuma kidogo. Zamani, nilipokuwa mgeni ofisini, sheria tulizozishika zilimtafuta aliyetupa. Siku moja aliingia mfugaji mmoja wa nyanda za chini, amevaa shuka, fimbo mkononi, na bunda kubwa kwapani. Aliliweka juu ya sakafu, akalifungua. Ndani lilikuwemo bonge la mifuko ya plastiki iliyoshikamana, rangi ya udongo, ukubwa wa kichwa cha mtu, na harufu ambayo sitaieleza.

"Hii ni nini, mzee?" nilimwuliza.

"Mali ya watu. Ng'ombe wangu alikuwa anawatunzia tumboni. Amekufa, nimeleta."

"Umemletea nani?"

"Hilo ndilo nimekuja kuuliza, mama. Ng'ombe wangu akila shamba la mtu, mwenye shamba hunifuata mpaka bomani, na ninalipa. Sasa hili shamba lililomla ng'ombe wangu, mwenyewe ni nani?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa: mwenye kosa ni yule aliyetupa. Mzee alicheka kwa muda mrefu, akafunika bunda lake.

"Aliyetupa ni upepo. Mkamateni."

Mnaoishi Same mnaujua upepo wetu. Unafagia soko, stendi na baraza za maduka, kisha unatundika takataka zote kwenye miiba ya upande wa nyika, kama mtu aliyeanika nguo. Yule mzee aliondoka na bunda lake kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwelekeza. Nilikuja kumkumbuka miaka mingi baadaye, utaratibu wa wajibu wa mzalishaji ulipotufikia, kwa kuwa ulikuwa jibu la kwanza lililofanana kidogo na swali lake.

Aliyenifundisha kazi ya mikono alikuwa bwana afya wa zamani, Mzee Mrutu. Alikuwa fundi wa mashimo. Maisha yake yote alichimba, akachoma, akafukia, na mashimo yake yalikuwa yamenyooka kama kaburi la askofu. Tulipoanza kuambiwa kwamba plastiki isifukiwe bali irudishwe kiwandani, alivua kofia akajikuna kichwa.

"Kumbe miaka yote hii nimezika vitu vilivyo hai," alisema.

Hata hivyo ndiye aliyenionyesha pipa la maji. Plastiki si moja, na macho hudanganya; kwa hiyo kata kipande cha chupa ya maji ya kunywa, ukate na kipande cha kizibo chake, uvitie majini, kisha uvichovye mpaka hewa itoke. Kipande cha chupa kitazama. Cha kizibo kitaelea. Vikiyeyushwa pamoja, mali yote inaharibika. Mkifika kwenye kituo chochote, tazameni kwanza kama pipa la maji lipo, kisha tazameni kama maji yake ni machafu. Pipa lenye maji safi ni pambo tu. Na vile vifuko vidogo vya sabuni na vya kahawa vinavyong'aa ndani kama fedha, ambavyo vina matabaka yaliyogandishwa pamoja, msiwaahidi watu kwamba kuna atakayevitaka. Mpaka ninaondoka ofisini hapakuwa na aliyevitaka, na kanuni ilikuwa bado inavizungukazunguka.

Kwa Namsifu, maji ya pipa yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Alikuwa mchapakazi. Kilichomkwamisha kilikuwa milima. Mji ulileta chupa, Maore ikaleta, lakini milimani hakukushuka hata gunia moja, na msimamizi wa kampuni, kijana mmoja aitwaye Kelvin, alikuwa amekwisha kumkumbusha sharti la kwanza kwa upole wa aina ile inayotangulia barua. Ndiyo maana niliombwa nipande Mhezi kuzungumza na wanakijiji. Na ndiyo maana, asubuhi lori la tangawizi liliposhusha magunia ya Mhezi kwenye uwanja wake, Namsifu alipiga kigelegele kidogo, akayaacha yamefungwa vilevile. Kelvin alikuwa anakuja siku hiyohiyo, na Namsifu alitaka ayaone kwa macho yake.

Mimi nilikuwepo. Kelvin alifika, akasalimia, akaelekezwa kwenye magunia.

"Hayo hapo, baba," Namsifu alisema. "Milima imeshuka."

Gunia la kwanza likatundikwa. Mizani ikashuka mpaka chini, pahali ambapo gunia la chupa tupu haliwezi kuifikisha hata likishindiliwa kwa miguu. Kelvin akalitikisa. Likalia kama kayamba.

"Mama Eliasi, hizi chupa zimeshiba nini?"

Wakalikata. Chupa zilikuwa safi kuliko zozote nilizowahi kuziona kituoni, zimeoshwa, zimesuguliwa, vizibo vimekazwa. Na hakukuwa na chupa tupu: nyingi zilikuwa na maharage. Si ya kujaa. Kiasi cha kiganja. Nyingine zilikuwa na choroko, nyingine mbegu za maboga. Gunia la mwisho lilibeba ndoo za mafuta ya kula, na katika kila ndoo, magimbi yaliyofungwa vizuri kwa majani ya mgomba.

Wapakiaji waliacha kazi wakaja kutazama. "Bosi, hii kampuni yenu safi!" mmoja alipaza sauti. "Unakunywa soda, unarudishiwa na mboga!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kelvin hakucheka. Alikuwa mtu mwangalifu, na ninyi mngekuwa mahali pake mngeona alichokiona yeye: uzito.

"Mama, unajua sharti la kitu kizito," alisema.

"Nalijua kuliko wewe. Mimi ndiye ninayelala nalo." Namsifu alichota maharage akamnyooshea kiganja. "Baba, mtu anayetaka kukuibia kwa mizani si atatia mchanga? Mchanga umejaa korongoni bure. Nani mwenye akili atakuibia kwa maharage? Hata hasara ina adabu zake."

"Mimi sijasema umeiba."

"Umesemaje?"

"Nimesema kuna kitu kizito kwenye gunia, na si kifungashio."

Akaishusha mizani, akaifunga kwenye gari lake. Kituo kitasimama, alisema, mpaka atakapotoa taarifa, na taarifa hiyo angeiandika baada ya kurejea kwake siku iliyofuata. Namsifu aliketi juu ya gunia akawatazama wanawake wa mjini waliokuwa wamepanga foleni na viroba vyao. Kisha aliwaambia warudi nyumbani. Hakuwaeleza kwa nini. Genge lake la zamani lilikwisha kuchukuliwa na mwingine.

Nilimwomba Kelvin jambo moja tu: kabla ya kuandika, tupande Mhezi sote watatu, tuwaulize waliofunga magunia. Alifikiri kidogo, akakubali. Sidhani alitegemea kusikia jambo jipya. Alikuwa na tabia nzuri ya kutopenda kuandika asichokiona.

Wakati gari likihangaika kwenye kona za mlima, nilijaribu kukumbuka mkutano wangu wa Mhezi ulivyokuwa. Inafaa mjue kwamba mimi ni mtu wa Ugweno. Watu wa mbali hutuita Wapare sote, lakini Kigweno chetu na Chasu cha kusini ni lugha mbili, na Chasu nakisikia kama mtu asikiavyo redio ya jirani: naelewa kwamba kuna habari, siipati yote. Hivyo siku ile nilizungumza Kiswahili, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbwambo, akawafafanulia wazee kwa Chasu. Nilisema hivi, maana nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu: kwa utaratibu mpya, mzalishaji anabaki na wajibu juu ya kifungashio hata baada ya bidhaa kutumika, na jamii inaombwa kushiriki katika urejeshaji.

"Umemaliza, mama?" Mzee Mbwambo aliniuliza.

"Nimemaliza, mwenyekiti."

Akageukia watu, akasema maneno machache sana kwa Chasu. Wanawake walitazamana. Niliona nyuso zao zikibadilika, zikawa kama za mtu anayekumbushwa jambo aliloliacha likae muda mrefu kupita kiasi. Mwenyekiti akatangaza siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kijiji kizima hutoka kuifanya, na mkutano ukafungwa bila swali hata moja. Nilishuka mlimani nimeridhika. Siku hizi naamini kwamba mkutano usio na swali ni wa kutilia shaka: ama watu hawakuelewa, ama wameelewa kitu kingine, na wamekielewa barabara.

Tulipofika, wanawake waliitwa kwenye banda lililo kando ya ofisi ya kijiji. Walikuja kutoka mashambani, wengine na majembe. Kelvin alisalimia kwa heshima, "Shikamooni," wakaitikia, "Marahaba." Kisha akainua chupa moja yenye maharage ili wote waione.

"Naomba kuuliza. Nani aliweka maharage humu ndani?"

Mtu yeyote anayetoka mjini na gari akauliza nani alifanya nini, atajibiwa kwa kimya, mlimani na bondeni. Namsifu alisimama nyuma yangu akiwatazama mmoja mmoja. Kwake kila uso ulikuwa hakimu.

Aliyevunja kimya alikuwa bibi mmoja mwembamba, Bibi Nakijwa, aliyefika akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alimwashiria jirani amtue, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akamsogelea Kelvin, akaitazama ile chupa kwa karibu.

"Kwani hayakutosha?" aliuliza.

"Hayakutosha nini, bibi?"

"Mwenyewe amelalamika?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye chupa. Si ndiye aliyekutuma?" Bibi alishusha sauti, kama mtu anayezungumza na mgeni pembeni ili asimwaibishe mbele za watu. "Mjukuu wangu, mvua za mwaka huu umeziona. Tumeweka tulichokuwa nacho. Mwambie atusamehe. Msimu ujao tutajaza mpaka shingoni."

Kelvin alinitazama. Mimi nilimtazama Mzee Mbwambo. Mwenyekiti alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, bali kama mwalimu anayesahihishiwa hesabu iliyo sahihi.

"Mama, wewe mwenyewe ulisema chupa bado ni za mwenyewe," alisema. "Ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilisema."

"Mimi nikawaambia: jirani alituletea kitu kwenye chombo chake. Tumekula, tumekunywa, chombo kimekaa kwetu mpaka amekihitaji. Tukioshe, tumrudishie. Sasa chombo cha jirani kinarudi kitupu? Hapa kwetu? Hilo hata sikulisema. Mtu mzima haambiwi."

Wanawake wakaanza kuongea wote pamoja. Mmoja alisema yeye alitia choroko kwa sababu maharage yake yalikuwa na wadudu, na chombo cha watu hakitiwi kitu chenye wadudu. Mwingine akasema zile ndoo za mafuta zilimsumbua, ndoo ni kubwa, kiganja cha maharage ndani ya ndoo ni matusi, ndiyo maana akaweka magimbi. Kelvin aliwasikiliza, akiwa ameisahau chupa mkononi, bado imeinuliwa.

"Hata kwetu Singida," alisema hatimaye, polepole. "Mama yangu alinichapa kwa ajili ya sahani ya jirani. Niliirudisha tupu."

"Alikulea vizuri," Bibi Nakijwa alisema.

Vijana, mtajaribiwa mara nyingi kuieleza kanuni kwa mfano wa mila. Fanyeni hivyo, hakuna njia ya haraka zaidi. Lakini mila haikatwi kipande. Ukiwaambia watu kwamba chupa ni chombo cha jirani, watakupa adabu zote za chombo cha jirani, pamoja na zile ambazo hukuzihitaji. Na siku hiyo bado tulikuwa hatujazimaliza.

Maana Kelvin, moyo ukiwa umelainika, alifanya haki. Alimwambia Namsifu mbele ya watu wote kwamba hakuona udanganyifu, na kwamba ataandika hivyo. Ila kampuni, alisema, haiwezi kupokea maharage. Kituo kitafunguliwa kwa sharti kwamba magunia ya mlimani yashuke yakiwa na chupa tupu, tena zimepondwa hukuhuku, kwa kuwa chupa iliyopondwa haifichi kitu na magunia hupungua. Namsifu alifumba macho akapumua. Kelvin, ili kuwaonyesha jinsi ya kuponda, alifungua kizibo, akamimina maharage kiganjani mwa jirani yake, akaiacha wazi hewa itoke, akaiweka chupa chini na kuikanyaga kwa buti.

Ilipasuka kwa mlio mkali. Wanawake waliguna kwa pamoja.

"Umevunja chombo cha watu," Bibi Nakijwa alisema, "na mwenyewe hajakiona?"

"Bibi, itapondwa tu. Ikifika kiwandani inakatwa vipande vidogo, inayeyushwa."

"Huko ni kwake. Afanye apendavyo na chombo chake."

"Kwa hiyo tofauti ni nini?"

"Tofauti ni kwamba huko ni kwake, na hapa ni kwangu."

Wengine waliitikia. Chombo kilichoazimwa hakirudishwi vipande vipande. Kama sharti ni kuvivunja, walisema, wao hawataleta tena, avichukue mwenyewe anayetaka kuvivunja. Mwenyekiti hakuingilia. Nilijaribu mimi, kwa Kiswahili changu cha ofisini, nikaeleza habari ya nafasi kwenye lori na gharama ya usafirishaji. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, na hapakuwa na swali.

Hapo nikaona mambo yalipofikia. Kelvin hakuwa na uwezo wa kulegeza zaidi, kwani tayari alikuwa anakwenda kuwaeleza wakubwa wake habari ya maharage. Wanawake wa Mhezi hawakuwa na sababu ya kulegeza. Hawakuwa wamemwomba mtu kitu. Na bila Mhezi, vijiji vya jirani vinavyotazama Mhezi inafanya nini vingekaa kimya navyo, mlima usingeshuka, na sharti la kwanza lingefanya taratibu kile ambacho sharti la pili lilishindwa kukifanya ghafla. Namsifu angekuwa amesafishwa jina siku hiyo na kufungiwa kituo mwishoni mwa msimu.

 Sasa Namsifu alijifunga kanga yake upya kiunoni, akaenda akasimama mbele ya Bibi Nakijwa, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Maore. Bibi, nina swali. Jirani mwenye chombo akimtuma mtu wake aje kukichukua, nawe ukampa mtu huyo mkononi, chombo si kimefika?"

"Kimefika."

"Na ulichotia ndani, si amekipokea?"

"Amekipokea."

"Na yule mtu akienda nacho, akakivunja njiani?"

Bibi alifikiri. 

"Hayo ni yake na aliyemtuma," alisema. "Mimi simo."

"Basi mtu wake ni mimi," Namsifu alisema. "Huyu baba ndiye aliyenipa kazi hiyo. Msipakie chupa kwenye lori kama takataka. Nitapanda mwenyewe, mtanipa mkononi. Kilichomo nitakimimina kwenye kapu langu mkiona. Kitakachofuata ni mimi na wao."

Bibi Nakijwa akamgeukia Kelvin. "Ni kweli huyu ni mtu wake?"

Nafikiri Kelvin hakuwahi kuulizwa swali zito zaidi katika ajira yake. Mizani ya Namsifu ilikuwa bado imefungwa nyuma ya gari lake. Alitazama ile chupa iliyopasuka miguuni mwake.

"Ni kweli, bibi," alisema. "Ni mtu wake."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Mizani ilirudishwa mahali pake. Maharage ya magunia yale, Kelvin aliyachukua yote, pamoja na magimbi, akasema atayafikisha. Sikumwuliza yalifika wapi, na ninyi nisingewashauri muulize. Alinisimulia tu kwamba taarifa aliyoiandika ilirudishwa akitakiwa afafanue, akafafanua, ikarudishwa tena, na safari ya tatu haikurudi. Kwa watu wa ofisi hayo ni mafanikio.

Utaratibu wa Namsifu si wa haraka, na siwezi kuwaambia kwamba ndio unaopaswa kuigwa kila mahali. Mahesabu yake hayapendezi. Anapanda mlimani siku za msaragambo, anakaa barazani tangu asubuhi, anapokea chupa moja moja kutoka mkononi mwa mtu mmoja mmoja, anashukuru kila mara. Mtu wa mipango angelia. Tena mila ile huenda na kurudi: aliyepokea kilichomo naye harudi mkono mtupu, kwa hiyo Namsifu hupanda na mchele wa kwao Maore na kuugawa kidogo kidogo kwa vikombe. Faida yake inapungua kwa kiasi hicho. Nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba kwenye genge la nyanya alikuwa akitupa zaidi ya hapo kila jioni. Lakini milima inashuka. Vijiji vya kuelekea Chome vilianza mwaka uliofuata, na kituo hakikufungwa.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila alipopanda, Bibi Nakijwa alimwuliza swali lilelile.

"Mwenyewe amesemaje?"

"Anashukuru, bibi. Anawasalimu."

Hakuna aliyemtuma aseme hivyo. Wakati fulani alimweleza Kelvin kwamba amechoka kutunga salamu, na Kelvin, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, alimwandikia kwenye simu kwamba na yeye hajawahi kumwona mwenyewe.

Nilipanda naye mara ya mwisho wiki chache kabla ya kustaafu. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, na watu walikuwa wengi barazani. Bibi Nakijwa alitangulia kama desturi. Alimpa Namsifu chupa kwa mikono miwili. Namsifu aliipokea kwa mikono miwili, akamimina maharage kwenye kapu, akayatikisa yasikike, akashukuru. Chupa zilipokusanyika za kutosha, alizibeba kwa turubai, akazunguka nazo nyuma ya ofisi ya kijiji, upande usioonekana, na kituo cha Same kikaanza kazi yake pale.

Plastiki ikikanyagwa na mtu anayejua kazi, mlio wake husikika mbali. Ulikuja juu ya paa na kupitia madirishani, chupa baada ya chupa. Barazani hapakuwa na aliyegeuza shingo. Bibi Nakijwa alivuta kigoda chake karibu na changu, akaniinamia, na akaanza kunieleza habari za mvua, jinsi zilivyochelewa, jinsi zilivyonyesha upande mmoja wa mlima na kuuacha mwingine. Kila mlio wa nyuma ya nyumba ulipozidi, alipandisha sauti, na wanawake wengine wakapandisha zao, mpaka mwisho tukawa tunazungumza habari za mvua kwa kupiga kelele, sote, tukiwa tumeketi bega kwa bega.